Ganzi Kwenye Mguu wa Breki

Asubuhi ile Mama Pacha alifunga kamba za viatu akiwa amelala chali kitandani, magoti ameyavuta hadi kifuani, kwa sababu kuinama alikuwa hawezi tena. Alifanya haraka haraka, mumewe asije akamkuta. Mlango wa bafuni ulipolia, tayari alikuwa amekaa wima ukingoni mwa kitanda, uso ameukunjua kama mtu aliyeamka na afya zake.

"Umelalaje?" Baba Pacha akamuuliza huku akijifuta maji shingoni.

"Kama gogo."

Uongo mtupu. Kila alipojigeuza kiuno kilimkata, naye akauma mto ili asitoe sauti. Tena si sauti yoyote ile, bali moja aliyoijua vizuri. Marehemu baba yake alikuwa mpagazi kwenye ghala la nafaka. Siku moja alitua gunia chini na asiweze kunyooka, akaletwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa bawaba, na kuanzia hapo akaishi miaka tisa akitazama ukuta. Mama Pacha, wakati huo binti wa shule, ndiye aliyekuwa akimgeuza. Kila akigeuzwa mzee aliguna mguno mfupi, mzito, kama mtu anayesukuma kabati. Wiki mbili zilizopita, akiipandisha pikipiki kwenye stendi, Mama Pacha aliusikia mguno uleule. Akageuka kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Ulikuwa umetoka kinywani mwake mwenyewe.

Tangu siku hiyo roho yake haikutulia.

Alikuwa muuguzi wa chanjo kwenye kituo cha afya, na kwa miezi mitatu sasa ndiye aliyepewa pikipiki ya kituo kupeleka chanjo kwenye zahanati za milimani. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa. Siku anakabidhiwa funguo, mtunza stoo alisema, "Angalia, mama, hiyo siyo cherehani," na watu wakaangua kicheko. Naye alicheka. Lakini maneno yale yalimganda rohoni, na ndiyo yaliyomfunga mdomo. Akienda kulalamika kuwa mgongo unauma, si watasema tu, "Tulijua"?

Basi akawa anameza vidonge viwili vya maumivu kabla ya safari na viwili baada ya safari. Usiku alijipaka dawa ya kuchua, Baba Pacha akiuliza harufu ni ya nini, anasingizia wagonjwa. Maumivu aliyavumilia. Kilichomtia hofu hasa kilikuja baadaye, nacho ni ganzi. Ilianzia kwenye tako la kulia, ikashuka nyuma ya paja, ikapita kwenye shavu la mguu mpaka kidole gumba, kama msafara wa siafu. Mwanzo ilidumu dakika moja. Juzi ilidumu muda wote wa kumchanja mtoto na kujaza kadi yake.

"Mbona hunywi chai?" Baba Pacha alikuwa mezani na wale pacha wawili, kila mmoja akipigania kikombe cha mwenzake.

"Nimechelewa. Nitakunywa huko huko."

Ukweli ni kwamba viti vya mezani vilikuwa vifupi, na alihofia kukaa halafu ashindwe kuinuka mbele ya watoto.

Kituoni, mkuu wa kituo alikuwa mlangoni na karatasi mkononi. Hakuwa mtu mbaya, ila kila neno lake lilikuwa na haraka. "Zahanati ya mwisho wana watoto sitini leo. Mama zao wamefika tangu alfajiri. Usichelewe, mama."

"Sawa, Mkuu."

Boksi la chanjo lilifungwa kwa mipira kwenye keria. Lilikuwa kubwa, limekula nusu nzima ya kiti, kwa hiyo yeye alibanwa mbele hadi magoti yakakumbatia tangi. Mgongoni alivaa begi la mabomba ya sindano, kadi na madaftari, zito kama mtoto wa miaka mitatu. Usukani alioachiwa na dereva wa zamani ulikuwa umeinamishwa mbele kabisa. Ulimfaa dereva huyo, kijana mrefu aliyeitwa Mlingoti. Yeye aliye mfupi alilazimika kuufuata, mikono imenyooka kama anasukuma ukuta, mgongo umejipinda kama jembe. Sponji ya kiti ilikuwa imekufa zamani. Na shokapu ya nyuma ilikuwa ngumu kama ubao, kila shimo la barabarani lilipanda moja kwa moja hadi kisogoni. Kubadilisha chochote hakuthubutu. Ni mali ya ofisi, na tena angemwomba nani spana? Mtunza stoo?

Lami iliisha, barabara ya changarawe ikaanza, na siafu nao wakaanza. Mapema leo. Hata kijiji cha kwanza hajafika.

Simama, nafsi ikamwambia. Simama, ujinyooshe kidogo.

Hakusimama. Alijiambia ni kwa ajili ya barafu, jua lisije likaiyeyusha, chanjo ikaharibika. Lakini moyoni alijua sababu nyingine. Aliogopa kwamba akishuka, hataweza kupanda tena. Atabaki pale njiani na boksi lake, watu wanampita wakimuuliza ana nini, naye hana la kujibu. Kwa hiyo aliendelea, saa nzima na ushei, meno ameyabana, akihesabu zahanati za kupita kabla ya ile ya mwisho badala ya kuhesabu kilomita, maana zahanati zilikuwa chache.

Kwenye mteremko unaoshuka hadi daraja dogo la mbao, mtu mmoja alikuwa akivuka, akisukuma baiskeli iliyofungwa mbao ndefu kwa upana. Barabara yote aliiziba. Mama Pacha alimwona mapema kabisa. Akakanyaga breki ya mguu.

Pikipiki haikupunguza mwendo.

Akakanyaga tena. Wapi! Akatupa jicho chini: kiatu chake cha kulia kilikuwa kimetulia pembeni, kando kabisa ya pedali, wala hakikuwa kimesogea. Mguu alikuwa nao, ila hakuwa nao.

"Ondokaaa!" alipiga kelele, na mkono ukabana breki ya mbele. Changarawe ikateleza. Pikipiki ikalala upande, ikamburuta hatua chache, ikazima. Mwenye mbao aliiachia baiskeli yake na kurukia mtaroni.

Gurudumu la nyuma lilizunguka peke yake, tik tik tik, likasimama.

"We mama una wazimu?" Mwenye mbao alitoka mtaroni, suruali imejaa matope. "Unataka kuniua? Breki huna?" Alikuja kwa hasira, kisha akamwona hainuki, hasira ikamwishia. "Umeumia? Mama? Sema basi!"

Mama Pacha alikuwa amelala ubavu. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu, lakini hicho hakukijali. Alikuwa akijaribu kusogeza vidole vya mguu ndani ya kiatu. Vimesogea? Au alifikiria tu kuwa vimesogea? Ukuta wa chumba cha baba yake ulimjia machoni, na doa la unyevu lililokuwa pale, lenye umbo la sikio.

"Boksi," alisema. "Niangalizie boksi."

"Boksi zima. Mfuniko haujafunguka. Wewe je?"

Kabla hajajibu, mtu mwingine alifika kutoka upande wa daraja. Alikuwa akija haraka, lakini haraka yake ilikuwa ya ajabu, kiwiliwili kimesimama wima kama kimefungwa kwenye ubao, miguu tu ndiyo inayofanya kazi. Mama Pacha alimjua. Kila wiki alimpungia mkono akipita, yeye akiwa kibandani mwake anatengeneza redio. Ndiye Mlingoti.

"Niliisikia pikipiki inakuja," Mlingoti akasema akihema. "Mlio wake nautambua hata nikiwa usingizini. Halafu ukakatika vibaya. Dada, usiinuke. Tulia kwanza. Ni mguu?"

"Umejuaje?"

"Wa kulia?"

Mama Pacha alimtazama. Mlingoti hakuchuchumaa, bali alipiga magoti polepole, goti moja kisha la pili, mgongo haukupinda hata kidogo. Na hapo ndipo alipong'amua jambo aliloliona kila wiki bila kuliona: meza ya kazi ya Mlingoti ilikuwa juu, ya kufika kifuani, wala pale kibandani hapakuwa na kiti.

"Wewe hukai," akasema.

"Dakika kumi tu, basi. Zikizidi hizo naona cha mtema kuni." Mlingoti alicheka, lakini macho hayakucheka. "Nilianza kama wewe. Kiuno, halafu siafu. Nikawaaga kazini nikasema nimepata biashara. Biashara gani? Nilikuwa naona aibu. Mwanamume mzima, mrefu kama nguzo ya umeme, niseme nimeshindwa na kiti?" Akaigeukia pikipiki. "Na hiyo shokapu niliikaza mimi, mpaka mwisho. Boksi lilikuwa linagusa gurudumu. Nikajisemea afadhali iwe ngumu. Nilikuwa naona unapita, dada, umejikunja vile. Nikasema leo nitamsimamisha nimwambie. Kesho. Wiki ijayo. Nisamehe."

Mama Pacha hakujua amkasirikie au amhurumie. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Kidogo kidogo siafu walianza kurudi mguuni, na safari hii aliwapokea kama wageni aliowasubiri. Vidole vilisogea. Alikuwa na hakika.

"Kuna watoto sitini," alisema.

Mwenye mbao, aliyekuwa akisikiliza yote, alikuna kichwa. Kisha akaanza kufungua kamba za mbao zake. "Zahanati si hapo tu juu? Nipe hilo boksi, na begi la sindano. Baiskeli inabeba. Mwanangu mwenyewe yuko kwenye huo mstari."

Akaondoka navyo, akivisukuma kama anasukuma mayai. Ikabaki simu. Mama Pacha aliishika mkononi muda mrefu. Namba ya mkuu ilikuwa pale juu kabisa, kidole hakikutaka kubonyeza. Kupiga ilikuwa ni kusema. Na kusema ilikuwa ni kurudisha funguo, na mtunza stoo kutabasamu.

"Ukinyamaza," Mlingoti akasema taratibu, "utajenga jirani yangu. Kibanda kingine hapa, meza nyingine ndefu."

Alipiga.

"Mkuu, nimeanguka. Chanjo ni salama, inapelekwa. Lakini mguu wangu… Mkuu, nimekuwa nikiumwa mgongo tangu mwezi wa kwanza wa kazi. Sikusema."

Mlingoti akanyoosha mkono, akaichukua simu. "Mkuu, shikamoo. Ni mimi, Mlingoti. Ile biashara niliyokuaga nayo haikuwepo. Mimi pia ni mgongo. Na yule aliyekuwa kabla yangu, muulize vizuri aliondoka kwa nini."

Gari la kituo lilikuja kumchukua, na mchana uleule akafikishwa hospitali kubwa. Baba Pacha alikuja mbio akiwa bado na vumbi la kiwanda cha mbao nyweleni. Walikaa kwenye korido mbele ya mlango wa mtaalamu wa viungo, au tuseme mume alikaa, mke akasimama kaegemea ukuta.

"Mimi nilidhani unanikwepa," Baba Pacha akasema. Alikuwa anaongea na sakafu. "Unalala umenipa mgongo. Nikikugusa unashtuka. Nikasema basi, huyu kanichoka."

"Baba Pacha!"

"Ningejuaje? Umenifanya mgeni nyumbani kwangu."

Alinyoosha mkono akamfuta vumbi la mbao kichwani, na wote wawili wakabaki wakiutazama ule mlango.

Mtaalamu wa viungo alikuwa mama mfupi mwenye vidole vigumu kama vya mfinyanzi. Alimgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, akamlaza na kuinua mguu ulionyooka hadi Mama Pacha alipopiga ukelele. Maswali yake yalikuwa mabaya kuliko kinyundo. Haja ndogo inakutoka bila kujizuia? Ganzi imefika sehemu za siri? Mguu unazidi kukosa nguvu siku hadi siku? Kwa kila "hapana" Mama Pacha alijichunguza mara mbili, asije akawa anajidanganya kama alivyowadanganya wengine.

"Nitapooza?" aliuliza mwisho. Aliuliza kwa sauti ndogo, mumewe asisikie, na mumewe akasikia.

"Leo hupoozi," yule mama akasema. "Kuna mfupa laini kati ya pingili za kiuno umetokeza kidogo, unaubana mshipa wa fahamu. Wengi hupona bila kisu, wakiacha kuuchokoza. Lakini yale niliyokuuliza yakitokea hata moja, usisubiri kukuche, njoo saa hiyohiyo. Haya, geuza hicho kiti. Kikalie kama unaendesha."

Mama Pacha akakikalia, kifua kikiwa kwenye egemeo, mikono ikaushika usukani usiokuwepo. Yule mama akazunguka akimtazama kama fundi anayetazama ukuta uliopinda.

"Hivi ndivyo unavyokaa saa nzima?"

"Saa nzima na ushei."

"Na begi mgongoni? Mungu wangu! Vuta makalio nyuma. Nyuma tena. Viwiko vilegee. Sasa mgongo uache usimame wenyewe, usiulazimishe kama askari. Unasikiaje?"

Alisikia nafasi. Mahali palipokuwa pamebanwa miezi mitatu pakapata nafasi ya unene wa karatasi. Alitaka kulia tena.

"Pikipiki ndiyo ikufuate wewe, si wewe uifuate yenyewe," yule mama alisema akiandika. "Mzigo utoke mgongoni. Kwenye mashimo, inuka kidogo usimame kwenye vikanyagio, magoti yapokee kishindo. Kila dakika arobaini unashuka, unatembea, hata kama hakuna kinachouma. Na tumbo lako ni legevu, nitakupa mazoezi, ndilo linaloshika mgongo. Mkanda utavaa safari ndefu tu, usije ukaugeuza mgongo wa pili. Wiki sita hupandi."

Wiki sita! Zilimlemea kuliko maumivu. Kila asubuhi alijilaza sakafuni sebuleni akifanya mazoezi yake, pacha wakimpanda tumboni, na kila asubuhi alijua kuna mtu mwingine kashika usukani wake. Barua ya kumwondoa ingekuja lini? Siku ya nne Baba Pacha alirudi na habari.

"Unajua nani kapeleka chanjo jana?"

"Nani?"

"Mkuu mwenyewe. Mtunza stoo alikataa, kasema ana presha. Mkuu kaenda, karudi saa kumi, kashushwa kwenye pikipiki na watu wawili kama kabati la nguo."

Mama Pacha alicheka hadi kiuno kikamkataza.

Barua haikuja. Aliyekuja ni mkuu, siku ya kumi, akitembea kwa uangalifu mkubwa. Alikataa kiti. Alisema amempigia yule dereva wa kwanza kabisa, na ni kweli, naye aliondoka kwa sababu ya mgongo. "Watu watatu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. "Watatu, mama, na mimi nasaini tu barua za kuacha kazi. Nakuuliza kitu kimoja. Unataka kurudi?"

"Nataka. Lakini si kwenye pikipiki ile ilivyo."

Alishangaa maneno hayo yalivyotoka kirahisi.

Wiki ya tano walikutana gereji, yeye, fundi wa pikipiki na Mlingoti, aliyekuja kwa hiari yake akiwa amesimama muda wote nyuma ya gari la mizigo. Fundi alilegeza shokapu mpaka ikakubali kubonyea. Usukani ukarudishwa nyuma na kuinuliwa, Mama Pacha akipanda na kushuka mara ishirini, akisema bado, bado, hapo. Kiti kikatiwa sponji mpya. Boksi kubwa likabaki stoo, yakaletwa mawili madogo ya kuning'inia ubavuni, na begi likapata nafasi yake kwenye keria. Mlingoti alikagua kila nati. Alipomaliza alishika usukani, akaupima kwa mikono yake mirefu, haukumfaa hata kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hata hivyo siku ya kurudi barabarani mikono ya Mama Pacha ilitoa jasho ndani ya glavu. Alisikiliza mguu wa kulia kama mama anayesikiliza pumzi ya mtoto mchanga. Wale ni siafu? La, ni mtetemo tu. Na huu? Kila tuta alisimama kwenye vikanyagio, akishuka anajipima, vidole vipo, kisigino kipo. Saa ilipotimiza dakika arobaini alijikuta mbele ya gulio, katikati ya macho ya watu. Alitamani kupita tu, atafute mahali pa faragha. Akasimama. Akavua kofia ngumu, akaweka mikono kiunoni na kujipinda nyuma taratibu.

"Mama, umepoteza kitu angani?" muuza nyanya mmoja akamtania, wenzake wakacheka.

"Natafuta mgongo wangu," akajibu. "Nusura uniponyoke."

Alifika zahanati ya mwisho amechelewa dakika ishirini. Mstari wa akina mama ulizunguka nyumba. Muuguzi wa pale alitoka mbio na kipimajoto, akafungua boksi la kwanza, akasoma, akaitikia kwa kichwa kwamba baridi ipo. Kiuno kilikuwa kinamuuma Mama Pacha, si kama zamani, bali kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Hakujua kama kitaacha kubisha. Pengine hakitaacha.

"Dada," alimwambia muuguzi, "mgongo unaniuma kidogo leo. Shika upande huo, tushushe pamoja."

Wakashusha pamoja, na mtoto wa kwanza akaanza kulia hata kabla sindano haijatolewa.